Mlenda, Asali na Besi ya Gerson

Afisa hata hajakaa vizuri kwenye benchi, akatoa simu na kutangaza kwa sauti iliyobanwa puani.

"Wakuu, sikieni hii! Wataalamu wa lishe wanasema kinga ya mwili inajengwa na vyakula vya kawaida kabisa. Vya jikoni kwetu hivihivi. Siyo lazima kukimbilia vidonge."

Akataka kuendelea, akapiga chafya. Chafya yake ikaamsha ya Chemba, ya Chemba ikaamsha ya Mzee Spika, na mimi nikajiziba na kitu cha kwanza nilichokishika. Kilikuwa kitenge cha mteja, Mungu anisamehe.

Hapo ni Chang'ombe, Dodoma mjini, kwenye kibaraza cha nyuma ya duka la mbao. Mimi nashonea nguo hapo, Restuta anauza kahawa na kashata, na hawa wengine wanakuja kumaliza siku zao. Tunajiita Kamati ya Kudumu, kwa sababu kamati nyingine huja Dodoma zikaondoka, sisi tupo tu. Mimi wananiita Kiraka. Ulikuwa mwezi wa saba, ule upepo wa baridi unaobeba vumbi la wilaya nzima, na mafua yalikuwa yametuingia wote pale bila kumruka mtu.

"Vyakula gani hivyo?" akauliza Mzee Spika. Jina lake Mzee Yotham, Mgogo wa hapahapa, amestaafu udalali wa mbuzi lakini sauti ya mnadani hajaistaafisha.

"Mboga za majani, matunda, kunde, maharage, karanga, mayai, samaki, maziwa mgando..."

"Rudi nyuma. Wameanza na nini?"

"Mboga za majani, mzee."

"Basi zima simu. Habari imeishia hapo. Mlenda!"

"Mlenda hawajautaja."

"Kwani mlenda ni kokoto? Si majani?"

"Mzee, acha ubabe," akaingilia Chemba. Huyu ni Nikolaus, Msandawe, anatuletea asali kutoka kwao Chemba na ndiyo maana tukambatiza hivyo. "Afisa, asali wameiandika wapi?"

"Asali haimo."

"Haimo?" Chemba akaachia ile milio ya lugha yao, ulimi ukagonga huku na huku, tukajua amekasirika kweli. "Hao wamesomea wapi? Babu yangu amekula asali mpaka akazika madaktari!"

"Babu yako aliwazika kwa sababu alikuwa anachimba makaburi," nikamwambia.

"Haya, ubuyu je? Ubuyu ni tunda, na matunda umeyataja. Andika Chemba tumepita!"

Nikaona wananipita hivihivi. Mimi natoka Busi, kule Kondoa, na kwetu mtu akiumwa anapikiwa majani ya kunde na boga. "Kunde zimetajwa kwa jina," nikasema. "Kwa jina lake kamili! Nyie mnaingia kwa mlango wa uani, mara majani, mara matunda. Kunde imeitwa mbele za watu."

"Imeitwa ya ngapi?"

"Mzee, hii siyo foleni ya maji!"

Afisa akainua mkono. Jina lake Obedi, alihamishwa na ofisi kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo anailalamikia Dodoma kama mtu aliyeozeshwa kwa nguvu. "Wazee, hapa chini wameandika kitu muhimu. Wanasema hakuna chakula kimoja chenye uwezo huo peke yake. Mtu ale mchanganyiko, apumzike, na..."

"Ruka hapo!" tukamwambia wote. Siku hiyo hatukuwa tumekubaliana kitu kingine chochote.

"Hapo ndipo wanapokwepa swali," akasema Mzee Spika. "Mtaalamu akishindwa kuchagua anasema mchanganyiko."

"Basi kama ni kuchagua," akasema Afisa, "mimi kila asubuhi naponda tangawizi, kitunguu saumu na limau. Imyuniti yangu iko juu mno."

Restuta alikuwa anapuliza mkaa, akainua kichwa. "Na mafua unayo."

"Haya siyo mafua. Ni aleji."

"Aleji ya nini?"

"Ya Dodoma."

Tukamzomea mpaka wenye duka la mbao wakachungulia. Lakini swali la Restuta lilikuwa limetupata pabaya. Akatugeukia mmoja mmoja. "Mzee, wewe unakula mlenda kila siku ya Mungu. Hiyo pua vipi?"

"Hii ni vumbi."

"Chemba?"

"Mimi nimeambukizwa na Afisa. Ningekuwa na mafua ya kwangu, asali ingeyamaliza."

"Kiraka?"

"Mimi napata baridi ya asubuhi tu," nikasema, na hapohapo nikakohoa kikohozi kirefu cha aibu.

Ikabidi tutafute shahidi ambaye hana mafua. Tukatazamana. Pale hapakuwa na pua moja kavu, hata ya Restuta ilikuwa nyekundu. Ndipo Chemba akapiga paja.

"Besi!"

"Besi yupi?"

"Gerson! Asubuhi nimepita kwake, anachomelea geti huku anaimba. Sauti inatoka chini huko kama trekta. Hana hata kamasi!"

Nikueleze kuhusu Gerson. Ni mwenzetu wa Kamati, fundi wa kuchomelea, na kwenye kwaya ya kanisa la pale mtaani ndiye mwenye besi. Jumapili hiyo kwaya zilikuwa zinashindana, na kwaya ya Gulwe, ambayo hutunyanyasa kila mwaka, ilikuwa inapanda kuja kutunyanyasa tena. Mwaka jana Gerson alisimama kuimba kile kipande chake cha peke yake, sauti ikakatika katikati. Watu wa Gulwe walicheka mpaka wakashika viti. Mwalimu wa kwaya akamwambia wazi: sauti ikikatika tena, kipande anapewa Lameck. Na Gerson bila kile kipande, jamani, ni mtu wa kulia. Mwaka mzima alikuwa anakiimba kwenye geti la kila mtu.

"Ni kweli hajaonekana hapa siku nyingi," akasema Mzee Spika. "Ila mzima anatokana na nini? Mke wangu aliwapelekea mlenda wa kukausha mfuko mzima. Kesi imekwisha."

"Mimi nilimpa asali chupa nzima!"

"Boga alilokula sikukuu nani alimletea?" nikauliza. "Lilianguka kutoka mbinguni?"

"Mimi nilimtumia hii habari ya tangawizi kwenye simu," akasema Afisa.

"Kwa hiyo amekula simu?"

Chemba akapiga simu. "Oya Besi, njoo kijiweni haraka. Hapana, hajafa mtu. Kuna mgogoro, unahitajika kama shahidi. Mzee Yotham mwenyewe anakuita."

Gerson akaja. Cha ajabu hakukaa, alisimama kule pembeni kwenye nguzo, skafu shingoni, mikono mfukoni.

"Mbukwenyi!" akatusalimia kwa Kigogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama unatudai? Sogea."

"Hapa panatosha, mzee."

"Gerson," akaanza Mzee Spika kwa sauti ya mnadani, "jana usiku umekula nini?"

"Ugali wa uwele."

"Na nini?"

"Na mlenda."

Mzee Spika alisimama bila fimbo, jambo ambalo hatujaliona tangu uchaguzi. "Funga kikao!"

"Kaa chini, mzee," nikamwambia. "Besi, juzi je?"

"Wali, na kunde za nazi."

Nikampigia saluti. Sina haja ya kuficha, nilijisikia raha.

"Na asubuhi?" Chemba akauliza huku ameshainuka kwenye benchi.

"Uji. Mama watoto anautia ubuyu."

"Aaah! Ubuyu huo! Na asali?"

"Na asali kidogo."

"Na chai ya jioni?" Afisa akadakia.

"Ina tangawizi. Ila pia tunakula mayai, dagaa, chungwa, karanga... Jamani, nakula chakula tu. Mlichoniitia ni hiki?"

Kila mtu ameshinda, na hakuna kitu kibaya kijiweni kama kila mtu kushinda. Mzee Spika akafikiri, akafuta pua, akatoa uamuzi.

"Katika hivyo, kuna kimoja kinachofanya kazi. Vingine vinasindikiza tu. Tutapima. Restuta, mlenda wako wa mchana umebaki? Lete na ugali. Chemba, toa asali. Mtoto ataonja kimoja, ataimba ile noti yake ya chini kabisa. Ataonja kingine, ataimba tena. Noti itakayoshuka zaidi, chakula chake ndicho chenye kinga."

"Kinga na noti vinahusiana nini?" Gerson akauliza.

"Wewe ni mtaalamu?"

"Hapana, mzee."

"Basi imba."

Nakwambia, hakuna kati yetu aliyeona kasoro. Mimi mwenyewe nilisogeza cherehani ili nafasi ipatikane. Restuta akachukua kikombe alichokuwa ananywea Afisa, akakichovya kwenye ndoo yake ya kusuuzia vikombe, akamimina kahawa. Chemba akatia asali, akakoroga, akalamba kijiko kuhakikisha imekolea, akakoroga tena. Kisha akapiga funda moja kuonja kama ina moto, maana kwetu mgeni hapewi kitu kinachounguza. Akampa Gerson kwa mikono miwili.

Gerson alikitazama kile kikombe kwa macho ya huruma. "Jamani, mimi leo..."

"Unakataa kikombe cha Kamati?" akauliza Chemba, na aliumia kweli, nilimwona. "Tumekukosea nini, ndugu yangu?"

Gerson ana moyo laini. Akanywa. Akaimba noti yake, na lile bati la juu yetu likatetemeka.

"Imeshuka!" Chemba akarukaruka. "Mmesikia? Asali!"

"Bado mlenda," akasema Mzee Spika. Alikuwa ameshakata tonge, ameliviringisha kwenye kiganja chake alichotoka kufutia pua, amelichovya, na mlenda unavutika kutoka bakulini mpaka hewani. Akalinyanyua kumlisha Gerson kwa mkono wake mwenyewe, kama mtoto wake wa kumzaa. Ni heshima kubwa hiyo. Mtu mzima akikunyooshea tonge, unafungua mdomo.

"Gerson!"

Tukageuka wote. Erica, mkewe, amesimama barabarani, kitenge kimoja begani, kingine kimeburuzika. Alikuwa amekuja mbio.

"Shikamoo, baba," akamwambia Mzee Spika, maana adabu anayo hata akiwa na hasira.

"Marahaba, mkwe. Umekuja wakati mzuri. Tunatafuta chakula kinachomlinda mumeo."

"Chakula?" Erica akatutazama, akatazama kikombe, akamtazama mumewe. "Umekunywa?"

"Nimeonja tu, mama."

Erica akakaa palepale kwenye kigogo cha mbao. "Baba, mwaka jana alikula vyote hivi. Mlenda alikula, asali alikunywa, malimau mpaka meno yakafa ganzi. Na jioni anakuja hapa, kikombe kimoja, ndoo moja, mnanyweshana mate. Akapoteza sauti. Mwaka huu chakula ni kilekile. Nilichobadilisha ni kimoja tu."

"Kipi?" akauliza Mzee Spika, bado kashika tonge juu.

"Nimemkataza kuja kwenu."

Niseme ukweli, liliniuma. Mtu unakaa na mwenzako miaka, unamtilia viraka suruali zilizoungua kwa cheche, unakuja kuambiwa ugonjwa wake ni wewe.

"Shemeji," nikasema, "sisi hapa tuna umoja."

"Umoja wa makamasi, shemeji. Nisamehe, lakini ndivyo. Mpike mlenda wa dunia nzima. Mkishachovya vikombe kwenye maji yale yale tangu alfajiri, hiyo kinga itafanya kazi ya watu wangapi?"

Sote tukaitazama ile ndoo. Yalikuwa na rangi ya kahawa, yale maji, na juu yake kipande cha kashata kinaelea. Restuta akaivutia nyuma ya meza kwa mguu.

Gerson alikuwa katikati. Mbele yake tonge la mzee, nyuma yake mke. Akapiga goti kidogo, akalipokea lile tonge kwa mikono miwili, akashukuru, "Asante sana, baba," halafu akageuka akanipa mimi. Nikalila. Ningefanyaje? Macho ya mzee yalikuwa yananitazama.

"Jumapili mwenye mafua asiingie kanisani," akasema Erica akimshika mumewe mkono. "Nawaomba, jamani. Hana mwaka mwingine." Sauti yake ilikatika pale mwisho, na hapo hata Chemba aliinamisha kichwa.

Walipoondoka tukawaka.

"Hatuendi!" akasema Mzee Spika.

"Hatukanyagi!" nikasema mimi.

"Waimbiane wenyewe na Gulwe yao," akasema Chemba.

Afisa akasema Jumapili ana ripoti ya kuandika. Tukatawanyika bila kuagana, na nyuma yetu Restuta alikuwa anachemsha maji kwenye sufuria kubwa, anatumbukiza vikombe vyote humo bila kumtazama mtu.

Jumapili nikapita kanisani, siyo kwamba nilikuwa nakwenda, njia tu ilinipitisha. Nikazunguka upande wa madirisha ya nyuma. Mzee Spika alikuwa ameshafika, kajiegemeza ukutani, kofia imeshuka mpaka machoni.

"Nimekuja kuangalia mbuzi," akasema.

"Mbuzi wako ndani ya kanisa?"

Kabla hajajibu, Chemba na Afisa wakatokea pande tofauti, kila mmoja akashtuka kumwona mwenzake. Restuta alikuja wa mwisho, amejifunga kanga mpaka puani. Hatukuulizana tena. Tukapanga vichwa dirishani na upepo unatupiga mgongoni.

Gulwe walitangulia. Sikiliza, wale watu wanaimba. Ngoma zikalia, zeze likaingia, akina mama wakatikisa mabega, na kanisa zima likawa linasimama lenyewe. Nikamwonea Gerson huruma. Halafu kwaya yetu ikapanga mistari, na kile kipande kikafika. Gerson akatoka mbele. Akapeleka mkono shingoni.

"Ameshika koo," Chemba akanong'ona. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ni mimi. Ni kile kijiko."

"Nyamaza."

"Nililamba, Kiraka. Nililamba nikakoroga tena."

Gerson akafungua mdomo, ikatoka. Ikatoka nzima, pana, ikashuka ngazi moja, ikashuka nyingine, ikapita pale ilipokatika mwaka jana na haikusimama hata kuangalia. Mimi machozi yalinitoka, sijali nani anajua. Lakini shida ilikuwa nyingine. Kikohozi kilikuwa kimenipanda kooni. Nikamtazama Afisa, mishipa ya shingo imemsimama. Mzee Spika ameuma kofia. Chemba amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na Restuta anajipiga kifuani polepole kwa ngumi. Hakuna aliyekohoa. Watu ambao hatukuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, tukamwacha mwenzetu amalize wimbo.

Noti ya mwisho ilipozimika, kanisa likalipuka vigelegele, na sisi dirishani tukalipuka vikohozi. Mzee mmoja wa kanisa akachungulia nje akidhani kuna ng'ombe wameingia.

Gulwe walishindwa. Walishindwa kwa alama kidogo sana, lakini walishindwa, na kiongozi wao alikuja kumpa Gerson mkono akamwomba arudie ile noti amsikie kwa karibu.

Tulikuwa tunataka kuondoka kimyakimya. Erica akatukuta kwenye kona ya ukuta, amebeba sinia kichwani. Tukajua tunafukuzwa. Akashusha sinia, na kumbe ni sahani zimefunikwa, ya kila mtu peke yake. Ugali wa uwele, mlenda, kunde, kipande cha samaki, chungwa lililomenywa pembeni. Sahani zote sawasawa.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Niliwaona madirishani. Mlikuwa mnabadilika rangi." Akacheka, kisha akafuta macho kwa kona ya kitenge. "Asanteni, jamani. Kuleni. Ila kila mtu na sahani yake."

"Kila mtu na sahani yake," tukaitikia kama watoto wa darasa la kwanza.

Tukakaa chini kando ya ukuta, tumeachiana nafasi. Tukala. Nilikuwa sijawahi kula na watu hawa bila mikono yetu kugongana bakulini, na niliona ajabu kidogo, kama nipo ugenini. Erica alikuwa amesimama palepale anatuangalia, ameridhika. Mzee Spika akatafuna, akatikisa kichwa, akatafuna tena. Jicho lake likatoka kwenye sahani yake, likaja taratibu mpaka kwenye yangu.

"Kiraka."

"Naam, mzee."

"Huo mlenda wako umeiva kuliko wangu?"

"Umetoka chungu kimoja, mzee. Ni uleule."

"Najua ni uleule," akasema, na mkono wake ulikuwa umeshafika. "Hebu nionje."